Mtani Kaburini mwa Mfalme

1

Kaburini mwa mfalme alikuwa amelala mtu, na hakuwa mfalme.

Mfalme Ndemile wa Igombwa alikuwa bado juu, ndani ya jeneza lililoachwa wazi upande wa kichwa. Waliokuwa wakimlilia walinyamaza mstari kwa mstari, kuanzia wa mbele, mpaka uwanja mzima ukawa kimya. Anyisile, binti yake, alikuwa amesimama ukingoni, shingo yake imenyolewa nywele za kisogoni na kupakwa mafuta. Aliinama akachungulia. Chini, juu ya mikeka mipya ya kifalme, kijana mmoja alikuwa amejinyoosha chali. Kanga ya msiba ilikuwa imemtoka kichwani, viatu vyake vilijaa matope, na mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kamba mbele ya tumbo.

Halafu aliyaona masikio. Masikio makubwa kama yale yalikuwa na mwenyewe mmoja tu duniani.

"Mbona mmenyamaza?" kijana aliuliza kutoka shimoni. "Lieni! Au machozi nayo mnayachemsha kwanza, kama viazi vyenu?"

Jemadari Mwaluvanda alifika ukingoni kwa hatua mbili, bunduki imeshaelekezwa chini. Alitazama, akatazama tena.

"Ni Kilavo," alisema, na sauti yake, iliyozoea kuamuru vikosi, ilipasuka. "Kilavo wa Luhanje. Mtoto wa mfalme wao."

Jina likapita katikati ya watu kama upepo wa baridi. Kina mama walivuta watoto wao nyuma. Kwa miaka tisini hakuna mtu wa Luhanje aliyeingia Igombwa akiwa hai. Mwamvuli ulizuia. Ule ukungu wa buluu uliotanda juu ya nchi yote, kutoka kilele cha mlima hadi ukingo wa uwanda wa chumvi, uliunguza chochote kisicho cha nyumbani. Lakini Mwamvuli uliamriwa na kichwa cha mfalme, na kichwa cha mfalme sasa kilikuwa kimelala kwenye mbao. Tangu alfajiri ulikuwa umechakaa na kutoboka kama shuka kuukuu. Ndiyo maana mazishi yaliharakishwa. Mtu mmoja, kwa miguu, akijifunika kanga kati ya waombolezaji wa vijiji vya mpakani, angeweza kupita.

"Mtoeni," alisema Jemadari.

"Asiguswe." Aliyesema ni Shangazi Tumpale, dada wa marehemu, mwenye kusimamia mazishi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hata kilio chake kilikuwa na nidhamu. "Kaburi la mfalme halipiganiwi. Tone moja la damu likidondoka mle, kaka yangu hatalala humo wala popote." Akamgeukia aliye shimoni. "Wewe. Unataka nini?"

"Nataka haki yangu, Shangazi. Mimi ni mtani wenu."

Mtu mmoja alishusha pumzi kwa sauti. Neno lile lilikuwa la bibi zao. Hapo kale, kabla ya Uzi, makabila yaliyopigana mpaka yakachoka yaligeuka kuwa watani. Mtani aliweza kuja msibani kwako akamcheka maiti wako, akajilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka umpe cha kumtoa, na hukuruhusiwa kukasirika. Hivyo ndivyo watu waliouana walivyojifunza tena kula pamoja.

"Utani ulishakufa," alisema Shangazi Tumpale.

"Ulikufa lini? Nani aliuzika? Maana mimi mtani sikualikwa." Kilavo alikohoa, akainua sauti ili jeneza nalo lisikie:

"Uliyekula viazi, hadi tumbo kuvimbiwa,
Ukaacha usingizi, kwa hofu ya kuvamiwa,
Leo hunao walinzi, na shimoni watupiwa,
Nisogelee mzazi, sote vita tumepewa."

Kutoka mstari wa nyuma kikatoka kitu ambacho Anyisile hakukitambua mara moja. Kilikuwa kicheko. Alikuwa Bi Nsia, kikongwe wa kijiji cha mpakani, ambaye wanawe wote watatu walirudishwa nyumbani wamefungwa kwenye majani ya migomba.

"Tumbo kuvimbiwa!" alisema, akipangusa macho. "Ni kweli lakini. Alikuwa mlaji, Ndemile." Kisha akafoka kuelekea shimoni: "Na wewe mla kumbikumbi, masikio hayo unayatumia kurukia?"

"Ndiyo yaliyonileta, bibi! Miguu ilikataa, ikasema wanakokaa hawa watu kunanuka moshi!"

Wakacheka wawili, watatu, wakijiziba midomo kwa aibu. Anyisile alibana meno asicheke, maana alijua angeanza asingeweza kuacha, na kicheko chake kingeishia kwenye kilio.

2

Anyisile alimfahamu Kilavo kwa miaka miwili, na kwa miaka miwili hiyo hawakuwahi kushikana mkono.

Nchi hizi mbili zilikubaliana jambo moja tu: kubadilishana maiti. Mara moja kila msimu, watoto wa wafalme, bila silaha, walikaa kwenye uwanda wa chumvi, kila mmoja kwenye kigoda upande wake, wafu wakivushwa katikati. Sheria ilikuwa kutosema neno. Siku ya kwanza Anyisile alipiga chafya kwa sababu ya vumbi la chumvi, na kijana wa upande wa pili, aliyekaa kama sanamu tangu asubuhi, alisema bila kugeuza shingo:

"Hata chafya zenu ni za kuanzisha vita."

Anyisile hakuwahi kutaniwa maishani. Watu wa nyumba ya mfalme walimwinamia, walimsifu, walimwogopa. Alimtazama yule adui, akatafuta silaha, akaipata.

"Na masikio yako, uliyaomba au walikulazimisha?"

Tangu siku ile alihesabu misimu. Walitukanana kwa sauti za chini, midomo imebanwa, nyuso zimekauka kama za wafiwa. Alimwita mla kumbikumbi. Naye akamwita moshi unaotembea. Na katikati ya matusi waliambiana yote. Kwamba yeye Kilavo hutunga mashairi akiwa zamu, kwa sababu hakuna shule iliyomfundisha, na hakuna mtu atakayemkataza. Kwamba yeye Anyisile aliwahi kuwa na baba aliyepiga mbinja, akamtengenezea vinanda vya mabua, akamwita Kadege, kabla ya kupewa Uzi.

Uzi ulikuwa mwembamba kama unywele. Fundi aliutoa katika kisogo cha mfalme aliyekufa na kuupenyeza katika kisogo cha mrithi, na ndani yake mlikuwa na wafalme wote waliotangulia: sauti zao, akili zao, kila kidonda walichopata. Aliyekuwa nao aliweza kuamuru Mwamvuli kwa kufumba macho, na kuwatuma Nyuki, vile vijidude vya chuma vilivyolala kwa maelfu katika mizinga ya mlimani, vikaue mtu mmoja katikati ya umati bila kumgusa jirani yake. Luhanje nao walikuwa na Uzi wao, Mwamvuli wao na Nyuki wao. Wataalamu waliobuni kitu hicho walikuwa na nia njema: walitaka hekima ya wafalme isioze ardhini.

Hekima haikuoza. Wala chuki. Vita vya kale vilikwisha kwa sababu waliotendewa walikufa, na wajukuu wakasahau nusu na kuchoka nusu. Uzi hauchoki. Ndemile alitiwa Uzi asubuhi akiwa mtu aliyeahidi mbele ya mkewe kwamba atatafuta amani, na mchana wa siku hiyo alituma Nyuki kwenye soko la Luhanje lililo nje ya mwamvuli wao. Hakupiga mbinja tena.

"Siku yetu ikifika," Anyisile alimwambia Kilavo msimu uliopita, wafu wakipita kati yao, "tutakutana hapa na hutanijua."

"Nitakujua," alisema Kilavo. "Hilo ndilo baya. Nitakujua vizuri, na nitataka kukuua."

3

"Anyisile!" Kilavo aliita kutoka kaburini, na sasa hakukuwa na utani katika sauti yake. "Njoo unione. Lakini usishuke bado."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama binti mfalme ambaye adui alimwita kwa jina tupu. Shangazi Tumpale alifumba macho kidogo, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolishuku siku nyingi.

Anyisile alipiga magoti ukingoni. Kilavo alipouona uso wake, mwili wake ukakakamaa. Jasho likamtoka kwenye paji kama aliyemwagiwa maji. Vidole vyake vilijikunja na kujikunjua, vikivuta kamba mpaka ngozi ikachunika, vikinyooka kumwelekea yeye, kuielekea shingo yake.

"Umeona," alisema kwa shida. "Kamba hizi nimezikaza mwenyewe kwa meno. Baba amekufa. Huko kwetu wameificha habari hiyo. Wamenitia Uzi juzi."

Jemadari Mwaluvanda aliteremsha bunduki. Siyo kwa huruma. Aliishusha kwa sababu alielewa. "Basi huyu si mtoto wa mfalme," alisema taratibu. "Huyu ni mfalme. Mwamvuli wa Luhanje uko ndani ya kichwa hicho. Nyuki wao wote."

"Wote," alisema Kilavo. "Na wazee wangu wote wamo humu wanapiga kelele kama walevi, wanadai shingo ya huyu msichana. Tangu nivuke uwanda wananiambia watume, watume Nyuki, Mwamvuli wao umetoboka, leo ndiyo leo." Alicheka, na kicheko chake kikawa kama cha mtu anayetapika. "Mimi ni mbishi, mnajua. Nimewabishia njia nzima. Lakini sitaweza kuwabishia maisha yangu yote. Hakuna aliyeweza. Nitoeni Uzi huu. Huko kwetu hakuna atakayethubutu, na kwenu hamuwezi kunimwagia damu nikiwa humu. Nimefikiri sana, sikupata mahali pengine."

"Fundi," aliita Shangazi.

Fundi Lugano, mtunza Uzi, alisogea na kisanduku chake. "Kwa maiti, mama, hutoka wenyewe, maana mwili hauushiki tena. Kwa mtu aliye hai haijapata kufanywa. Umeshajisuka na mishipa yake. Anaweza kupona. Anaweza kuamka hajui hata kula. Na ukishatoka, una pumzi chache tu, kama samaki juu ya mchanga. Usipopata shingo nyingine, unakufa, na waliomo ndani yake wanakufa nao."

Shangazi Tumpale alimshika Anyisile mkono, akamvuta kando. Aliposema, alisema kwa upole, na upole ule ulimtisha Anyisile kuliko bunduki.

"Mwanangu, sikiliza. Sijali umempenda nani. Hilo tutalizungumza mimi na wewe jikoni. Lakini angalia alichotuletea. Pokea Uzi wa baba yako kwanza. Mwamvuli ukae sawa. Kisha mtoe huyu wa kwake, kama anavyoomba mwenyewe. Luhanje itabaki uchi, sisi tumevaa. Vita vimekwisha. Hatutawaua, ukitaka. Wewe ndiye utakayeamua."

"Mimi?" Anyisile alisema. "Au wao watakaokuwa wamo kichwani mwangu?"

"Wao ni baba yako!"

"Baba naye alisema ataamua mwenyewe, Shangazi. Ulikuwepo. Ulimshikia kanzu."

Shangazi akasema neno ambalo Anyisile alikuwa akiliogopa tangu alfajiri, kwa sababu lilikuwa la kweli. "Na hawa?" Akaonyesha uwanja, kina mama, watoto, Bi Nsia aliyekuwa amejikalisha chini. "Ukikataa Uzi, Mwamvuli unakufa jioni hii. Nani amekupa ruhusa ya kuwavua nguo watu ambao hawakukuomba? Kwa ajili ya moyo wako?"

Anyisile alitafuta ndani yake jibu safi, la kishujaa, hakulipata. Alichokuta ni kwamba njia zote mbili zilikuwa na watu ndani yake, na kwamba yoyote atakayoichagua, atakuwa amewachagulia wengine.

"Fundi," alisema. "Toa wa baba yangu."

4

Watu wakashusha pumzi. Jemadari akasimama wima kwa heshima. Kilavo, kule chini, akafumba macho na kugeuza uso ukutani.

Fundi Lugano aliingiza kibanio cha fedha nyuma ya kichwa cha marehemu, akavuta taratibu. Uzi ukatoka unang'aa, una rangi ya asali, unajikunja hewani ukitafuta joto. Alitaka kuupeleka shingoni kwa Anyisile, lakini Anyisile alinyoosha kiganja.

"Niwekee hapa."

"Binti Mfalme, haukai mkononi, uta..."

"Hapa, Fundi."

Ulipogusa ngozi ulijizungusha kwenye kidole chake kama mtoto anavyoshika kidole cha mama. Ulikuwa na joto. Na kwa mbali, kama redio ya nyumba ya jirani, alisikia mbinja.

Ilikuwa ni mbinja ile ile. Alikuwa na miaka sita, ameketi kwenye mabega ya mtu mrefu, wanashuka mlimani kwenda kuangalia maji yanayochemka.

*Kadege,* ilisema sauti ya baba yake. *Kadege kangu. Umekuwa mkubwa. Nilikuwa humu muda wote. Niliwasikia wote wakipiga kelele, nikakosa pa kukuitia. Njoo. Niingize, mwanangu, nasikia baridi.*

Machozi yalimtiririka mbele ya nchi nzima, hakuyafuta. Hakuna aliyemwambia hivi. Walimwambia Uzi ni mamlaka, ni ngome, ni historia. Hakuna aliyemwambia kwamba baba yake, yule wa kabla, hakuwahi kufa. Kwamba amebanwa mle kati ya wafalme wengine, anapiga mbinja gizani.

"Baba," alinong'ona. "Kilavo yuko kaburini mwako."

*Namwona,* ilisema sauti, kwa upendo ule ule, bila kubadilika hata kidogo. *Mkate shingo, Kadege. Wakati bado amefungwa. Fanya hivyo kwa ajili yangu.*

Upendo na chuki vilitoka katika kinywa kimoja, kwa sauti moja, na Anyisile akaelewa kwamba hakuna fundi atakayeweza kuvitenganisha. Miaka tisini ilivishona pamoja. Akimchukua baba, anachukua kisu.

Aliuangalia Uzi kidoleni mwake. Ulikuwa umeanza kupauka.

"Fundi," Jemadari alisema kwa wasiwasi. "Pumzi zinakwisha. Mwekeeni!"

Anyisile alimnyang'anya Fundi Lugano kile kibanio, akaruka ndani ya kaburi.

5

Alitua kwenye mikeka karibu na miguu ya Kilavo. Mara moja ile mikono iliyofungwa ikaruka kumfuata, vidole vimetanuka, na kinywa cha kijana aliyempenda kikatoa matusi ya watu waliokufa kabla mama yake hajazaliwa. Anyisile alikaa juu ya kifua chake, akaibana ile mikono kwa magoti.

"Geuka, mla kumbikumbi," alisema, anahema. "Nigeuzie hicho kisogo kabla sijabadilisha mawazo."

Ndani ya macho yale mekundu, mtu mmoja, mdogo kati ya wengi, alimsikia. Kilavo alisaga meno, akajipindua kifudifudi kama mtu anayeinua gogo, akashindilia uso wake kwenye mkeka.

"Moshi... unaotembea," alisema mkekani. "Vuta."

Juu Shangazi alipiga ukelele. Anyisile alitafuta kwa ncha ya kidole ile alama ndogo kwenye kisogo, bado mbichi, akaingiza kibanio. Kilavo alilia. Hakulia kama mfalme, alilia kama mtu yeyote anayeng'olewa kitu kilichomo mfupani. Uzi uligoma, ukanyooka, ukagoma tena. Kisha ukakatika kutoka mahali pake, ukatoka wote, mrefu, mwekundu wa damu iliyokuwa kidogo mno kudondoka. Kilavo akanyamaza ghafla.

Anyisile aliuweka Uzi wa Luhanje mkekani. Akauvua wa Igombwa kidoleni, akauweka kando yake. Mbinja ilikuwa bado inasikika, hafifu sana.

"Lala, Baba," alisema. "Wewe mwenyewe. Lala."

Nyuzi mbili zilisogeleana. Mtu mwenye moyo mwepesi angedhani zinakumbatiana. Zilikuwa zinanyongana. Zilijisokota, zikakabana, zikavutana mpaka mwisho, na zilipokauka zilikuwa zimeshikana vibaya kiasi kwamba mtu asingejua upi ni wa nani.

Kisha mbingu ikafunguka. Ukungu wa buluu uliokuwepo juu ya kila mtu pale tangu azaliwe ulikunjika na kutoweka, na jua la saa saba likawaangukia utosini, kali, jeupe. Watoto walijifunika macho. Kutoka mlimani ikasikika sauti kama mvua ya mawe juu ya mabati: Nyuki wa Igombwa walikuwa wakidondoka kutoka mizingani, vyuma vitupu.

Shangazi Tumpale alisimama ukingoni. Uso wake ulikuwa umezeeka. "Umemuua kaka yangu mara ya pili," alisema.

"Ndiyo, Shangazi. Nimemuua." Anyisile alimtazama bila kuinamisha kichwa, machozi na udongo vimechanganyika mashavuni. "Na babu, na babu yake. Sitasema nilifanya kingine. Ukitaka kunilaani, nilaani mimi, usimlaani mwingine."

Jemadari Mwaluvanda alikuwa ameinua tena bunduki, imemwelekea Kilavo aliyelala kifudifudi. "Toka hapo, Binti Mfalme. Wewe huna Uzi, huniamuru tena."

"Kweli, sikuamuru. Nakuuliza. Unampiga kwa sababu gani?"

"Walimuua mfalme wetu wa kwanza, Mgovano, kwa hila, kwenye..."

"Ulimjua?"

"Kila mtu anajua..."

"Ulimjua wewe, Mwaluvanda? Uliwahi kumsikia akikohoa?"

"Walimuua mdogo wangu," alisema Jemadari, na hii ilitoka mahali pengine kabisa. "Mwaka juzi. Alikuwa anachota maji, nje ya Mwamvuli."

"Hiyo ni ya kwako," alisema Anyisile. "Hiyo siwezi kukunyang'anya. Basi weka bunduki, ushuke, umwambie usoni."

Hakuna aliyetarajia kwamba angeshuka. Alishuka. Alikuwa mtu mzito, alitua kwa kishindo, akamshika Kilavo ukosi, akamgeuza. Kilavo alifumbua macho. Yalikuwa mekundu bado, lakini ndani yake mlikuwa na mtu mmoja tu, amechoka, anaona kizunguzungu. Jemadari alimzaba kofi lililosikika mpaka mstari wa nyuma. Kisha akabaki amemshika vile vile, mabega yanatikisika.

"Anaitwa Tuntufye," alisema. "Tuntufye. Alikuwa anapenda mpira."

"Tuntufye," alirudia Kilavo. Ulimi wake ulikuwa mzito, ilibidi aanze mara mbili. "Ni baba aliyewatuma Nyuki. Sikumzuia. Nilikuwa nimekaa pale pale."

Jemadari alimwachia. Alitazama zile kamba, akatoa kisu kiunoni. Akazikata. Akapanda juu bila kumtazama mtu.

6

Walimtoa Kilavo kaburini kwa kumvuta makwapani, miguu inaburuta. Alimtazama Anyisile kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wake uliochubuka, taratibu, kama anayeujaribu kama ni wake, akamgusa shavu. Mkono haukutetemeka.

"Unanuka moshi," alisema.

"Bado hujalipwa, mtani," alifoka Bi Nsia kutoka nyuma. "Tumlipe nini huyu? Tumpe bibi harusi aende zake!"

Watu wakacheka kwa woga. Anyisile akageuka kama aliyechomwa. "Mimi si malipo ya mtu, Bi Nsia! Nimeshuka mle kwa miguu yangu, na nitakwenda ninakotaka kwa miguu hii hii. Mpeni viazi."

Jeneza likafunikwa, likateremshwa juu ya mikeka na juu ya zile nyuzi mbili. Anyisile alichukua beleshi mikononi mwa mchimbaji.

"Malkia hashiki beleshi," alisema Shangazi Tumpale, kwa mazoea tu.

"Hakuna malkia hapa, Shangazi. Kuna mtoto anamzika baba yake."

Alikuwa ametupa udongo mara chache tu ngoma zilipoanza kusikika kutoka bondeni, upande wa Luhanje. Zilipigwa haraka, bila mpango, ngoma za watu waliotoka nje wakakuta mbingu yao imekwenda na mfalme wao hayupo. Baada ya muda vumbi likaonekana kwenye uwanda wa chumvi. Walikuwa wanakuja, wengi, kwa miguu, kwa sababu hawakuwa tena na namna nyingine ya kuja.

Kina mama walianza kuwakusanya watoto. Jemadari alimtazama Anyisile, akasahau kwamba haamriwi tena. "Tufanye nini?"

Anyisile aliliangalia lile vumbi. Aliogopa, na hakuificha hofu yake, wala hakuliachia beleshi. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisini, kila mtu katika vumbi lile alikuwa anakuja na chuki yake mwenyewe tu, kiasi alichoweza kubeba, na njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali.

"Waje," alisema. "Watatukuta tunazika. Anayetaka kupigana atangoja zamu yake ya beleshi, na shimo hili ni kubwa."

Akachota udongo, akatupa. Kilavo, akiwa ameketi chini kwa kuwa miguu haikumbeba, akachota kwa viganja vyake vilivyochunika, akatupa pia.